Siku za ng'ombe si siku zako, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Urambo. Tuna miaka minne kwenye ndoa na mtoto hatujapata. Mume wangu anafuga na analima tumbaku. Aliambiwa ng'ombe akionekana na damu mkiani ndiyo joto lake, basi na sisi tunakutana siku mbili tatu baada ya damu yangu kukata, kisha anarudi shambani kwenye mabani ya kukaushia tumbaku mpaka mwezi mwingine. Mzunguko wangu ni siku 29 hadi 32, damu inakaa siku tano. Nikisema twende wote hospitali, anajibu yeye ni mzima, kila kitu kinafanya kazi. Mwaka juzi alipata homa za kuja na kuondoka, korodani moja ikavimba, baadaye ikapoa yenyewe. Msimu huohuo ng'ombe wetu watatu walitupa mimba. Mama mkwe anasema ng'ombe asiyezaa huuzwa. Nifanyeje? – Nimechoka Kusemwa, Urambo*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hizo siku, maana kuzirekebisha hakuna gharama.

Ng'ombe hana hedhi. Hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, hukubali kupandwa kwa saa chache, mara nyingi zisizozidi 18, na yai lake hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kwisha. Ile damu kidogo mkiani huonekana siku moja hadi tatu baadaye, na baadhi ya ng'ombe hawaitoi kabisa. Maana yake ni kwamba joto limeshapita. Kwa hiyo hata kwa mifugo mumeo alishika nusu ya somo: akiiona damu ajue amechelewa, aandike tarehe, aanze kumwangalia tena baada ya siku 17 au 18.

Damu yako wewe ni utando wa ndani ya kizazi, ulioandaliwa kupokea mimba, ukabomoka kwa kuwa mimba haikuingia. Wakati huo yai linalofuata bado linakua ndani ya ovari. Litatoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Wengi huhesabu 14 kutoka hedhi iliyopita, na kwa mwenye mzunguko mrefu kama wako hesabu hiyo hupotosha. Mzunguko wa siku 31 unatoa yai karibu na siku ya 17. Likishatoka linaishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mwanaume zenyewe zinaweza kukaa hai ndani yako hadi siku tano, ute ukiwa mzuri, na zinakutana na yai kwenye mrija wa uzazi, si ndani ya kizazi kama wengi wanavyodhani. Sasa ninyi mnakutana siku ya 6, ya 7 na ya 8, kisha mwenye nyumba anaondoka. Mbegu za siku ya 8 hazifiki siku ya 17. Kwa hesabu hiyo, miaka yote hiyo minne hamjajaribu kiasi cha kumwita mtu yeyote tasa.

Fanya hivi. Siku ya kwanza ya damu iite siku ya 1. Chukua mzunguko wako mfupi kabisa, toa 18: 29 toa 18 ni 11. Chukua mrefu kabisa, toa 11: 32 toa 11 ni 21. Kati ya siku ya 11 na ya 21 mumeo alale nyumbani, mkutane kila baada ya siku moja. Ndani ya siku hizo utaona ute mwepesi unaoteleza na kuvutika kati ya vidole bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Siku za ute huo ndizo zenye nafasi kubwa kuliko zote. Na kama unajisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au zile dawa za "kusafisha kizazi", acha leo. Zinaharibu kinga ya uke na kukaribisha maambukizi.

Sasa huo uzima wa mumeo. Korodani ina kazi mbili. Chembe zilizo kati ya vijirija hutengeneza homoni ya kiume: sauti, ndevu, hamu na nguvu za tendo. Vijirija vyenyewe hutengeneza mbegu. Kazi moja inaweza kufa na nyingine ikaendelea kama kawaida. Hata shahawa hazithibitishi kitu kwa macho, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yale hutoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume. Mbegu ni sehemu ndogo sana. Muulize kuhusu fahali aliyekatwa mirija ya mbegu. Anapanda, anamwaga, na hakuna ndama. Wapo wafugaji wanaomtumia makusudi kutambua ng'ombe aliye kwenye joto. Mfugaji akilifikiria hilo kidogo, ule ubishi utapungua.

Ile homa na uvimbe ndiyo iliyonishtua. Ng'ombe watatu kutupa mimba msimu mmoja, kisha mwenye ng'ombe kuugua homa za kupanda na kushuka na kuvimba korodani: hapo lazima brusela, ugonjwa wa mifugo wa kutupa mimba, ipimwe. Huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kushika kondo la nyuma mikono mitupu, na kwa mwanaume inaweza kujificha kwenye korodani na kwenye kijirija kilichojikunja nyuma yake, mbegu zinakokomalia. Kisonono na klamidia nazo huvimbisha, kwa hiyo nazo zipimwe. Daktari aambiwe habari za ng'ombe waziwazi, la sivyo ataishia kutibu malaria. Brusela ikithibitishwa, kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja kwa wiki 6, na anayekatiza njiani hurudiwa na ugonjwa. Chemsheni maziwa kuanzia leo, na bwana mifugo apime damu za hao ng'ombe.

Kuna na joto la mabani. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu mbegu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Kukaa mbele ya tanuri usiku kucha, msimu mzima, hakuzisaidii, sigara vilevile. Mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa na wiki kama mbili kukomaa, kwa hiyo akibadilika leo, subirini miezi mitatu kuona tofauti.

Lakini vipimo msivisubirishe, maana hata miezi 12 bila mimba inatosha kwenda hospitali. Yeye aanze, kwani chake ni rahisi na hakina maumivu. Asikutane na mwanamke kwa siku 2 hadi 7. Sampuli yote iingie kwenye chupa ya maabara, hasa matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Asitumie kondomu wala sabuni. Ifike ndani ya saa moja, ikiwa karibu na mwili, isiwekwe kwenye baridi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, kiwango cha chini ni mililita 1.4, mbegu milioni 39 kwa jumla, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Majibu yakiwa mabaya arudie kipimo baada ya wiki kadhaa. Kimoja hakitoshi kumhukumu.

Wewe utapimwa homoni ya projesteroni siku 7 kabla ya hedhi ijayo, kwako karibu siku ya 24. Wengi huambiwa siku ya 21 kwa mazoea, nawe ukipimwa siku hiyo unaweza kuambiwa yai halitoki kumbe linatoka. Eksirei ya mirija hufanywa damu ikishakata na kabla yai halijatoka, siku ya 7 hadi ya 10. Anza pia kumeza foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku.

Mama mkwe ajibiwe na mwanawe, si wewe. Nendeni pamoja hospitali ya wilaya, na wasipokuwa na vipimo hivi ombeni rufaa ya kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora.