Kabla Hujararua Pakiti: Kwa Wadogo Zangu wa Kliniki ya Kupanga Meno

Wiki hii nimemwona mmoja wenu hapa Nakuru akichagua skrubu ya nanga, ile ndogo tunayoikaza kwa muda kwenye mfupa wa taya ili meno yavutwe kwa kuishikilia, kama anayenunua kalamu dukani. Akatazama urefu, akatazama bei, akairarua pakiti. Nikamuuliza kiini, yaani mwili wa skrubu bila hesi (mizunguko yake), kina kipenyo gani. "Daktari, si zote ni titani?" Nikanyamaza, maana mgonjwa alikuwa amelala kitini mdomo wazi, na masikio wazi vilevile. Sasa naweza kusema.

1. Neno "titani" kwenye pakiti halijakwambia kitu. Skrubu zetu nyingi ni aloi ya Ti-6Al-4V, yaani gredi ya 5: asilimia 6 alumini, asilimia 4 vanadi, iliyobaki titani. Titani tupu, hata ya gredi ya 4, ni dhaifu kuliko aloi hiyo. Kipandikizi cha jino bandia kinaimudu kwa kuwa ni kinene, lakini kijiti cha milimita moja na nusu hakina unene wa kujitetea. Tafuta ISO 5832-3 kwa upande wa aloi, na ISO 19023 ya 2018 ambayo ni ya skrubu zetu hasa. Muuzaji asiye na karatasi za PPB, bodi ya dawa na vifaa tiba ya Kenya, mpe chai, aende zake.

2. Uso wake ni laini kwa makusudi. Siku moja utaitoa, hutaki mfupa uishike moja kwa moja. Inashikiliwa na kubanwa tu, kwa hiyo usimwahidi mgonjwa kwamba "itaota mizizi".

3. Kipenyo. Hapa mtanivumilia.

Nilikuwa nimetoka masomoni juzijuzi, kiburi kimejaa mifuko ya koti. Msichana wa sekondari kutoka upande wa Njoro alihitaji magego ya chini yavutwe mbele. Kliniki niliyokuwa ilikuwa na skrubu za bei nafuu za milimita 1.3, nami nikajiambia nyembamba ni salama zaidi katikati ya mizizi. Hoja hiyo si ya kijinga, ndiyo maana inawanasa hata nyinyi. Lakini mfupa wa nje wa taya la chini, kule nyuma, ni mgumu, na mimi sikutoboa tundu la kuanzia kwa sababu pakiti ilisema inajitoboa yenyewe. Mizunguko ya kwanza ilienda vizuri. Kisha mkono ukaanza kukataa. Pale pale ningerudisha nusu mzunguko, niitoe, nitoboe kwanza. Badala yake nikauma meno yangu mwenyewe, nikaongeza nguvu, kiganja kikainama kidogo. Tak!

Mama mtu, aliyekuwa pembeni na mkoba mapajani, akauliza, "Daktari, hiyo sauti ni ya nini?"

Nikajifanya natafuta pamba. Kichwa cha skrubu kimebaki kwenye bisbisi, ncha iko mfupani, nami nahangaika na pamba. Nilimwambia ukweli baadaye kidogo, na huko kuchelewa kunaniuma hadi leo kuliko kuvunjika kwenyewe. Kipande cha titani huweza kuachwa, mfupa haukikatai. Hiki kilikuwa kimekaa katika njia ya gego nililotaka kulivuta. Binti akapelekwa kwa mpasuaji, ufizi ukafunguliwa, mfupa ukachimbwa, na kosa si lake.

Jioni nikakitazama kile kichwa kwa lupu, lenzi ya kukuzia. Kilivunjika pale hesi inapokutana na shingo, kwenye pembe kali ambayo kiwanda hakikujisumbua kuilainisha, na mikwaruzo ya mashine ilionekana wazi. Msokoto wote hukusanyika kwenye pembe ya namna hiyo. Kiini chenyewe, ukiondoa hesi, kilikuwa karibu milimita 1.0. Uwezo wa kuhimili msokoto hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: kiini kikitoka 1.0 hadi 1.3, uwezo unazidi maradufu. Vijitabu vya wauzaji huandika kipenyo cha nje, kwa sababu ndicho kikubwa. Wewe ulizia cha ndani.

Taya la chini kwa nyuma, basi, toboa kwanza, na maji ya chumvi yakitiririka. Mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kuumia. Kama una bisbisi ya kupima, Motoyoshi na wenzake wa Japani walipendekeza mwaka 2006 Ncm (kipimo cha nguvu ya msokoto) 5 hadi 10 wakati wa kuingiza. Ukiwa huna, mkono ukikataa, mtii.

4. Shingo laini ndiyo ikae kwenye ufizi. Hesi ikichungulia nje, mabaki ya ugali yatapata makao, ufizi utavimba, skrubu italegea, na utasikia wanalaumu kampuni.

5. Floridi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi tosha. Bado naona mtu anaandika jeli ya floridi yenye asidi kwa mgonjwa mwenye skrubu mdomoni. Jeli hiyo hula tabaka la oksidi linaloilinda titani. Soma historia ya mgonjwa, uliza anakunywa maji ya wapi.

6. Iliyotumika haitumiki tena. Otoklevu, mashine ya mvuke ya kutakasa vifaa, huua vijidudu, hainoi ncha iliyochakaa. Sitaki kusikia habari za "ilikuwa bado nzuri".

7. Bisbisi ya kampuni moja haikai sawasawa kwenye kichwa cha nyingine. Jaribu kabla ya ganzi. Ukimaliza mzunguko wa mwisho, ichomoe kwa kunyooka na mhimili wa skrubu, usiitikise kushoto kulia kuinasua, maana unalegeza ulichokaza sasa hivi. Aliyetikisa juzi anajijua. Mgonjwa wake amepiga simu kutoka Molo, anakuja Jumatatu na skrubu ameifunga kwenye karatasi ya chooni.