Wanasoma wanatiririka, ukiuliza wamesoma nini kimya

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mi nafundisha Kiswahili darasa la sita huku Muheza, mkoani Tanga. Watoto wangu wengi ukimsimamisha asome anatiririka vizuri tu mpaka mwisho, sasa muulize habari yenyewe inahusu nini, anakutolea macho, au anakusomea tena sentensi ya kwanza. Nimewaongezea mazoezi ya ufahamu lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo mazoezi punguza kwanza. Zoezi la ufahamu linapima kama mtoto kaelewa, halimfundishi namna ya kuelewa, na walimu wengi tunachanganya hapo. Huyo mtoto kutamka anajua, ila hajawahi kuonyeshwa msomaji anawaza nini wakati anasoma, kwa hiyo mwonyeshe we mwenyewe, kwa sauti, mbele ya darasa.

Chukua kitu wanachokijua. Andika ubaoni: mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akiutoa Florida, Marekani, miche ilikuwa 1,000 ila iliyosalimika ni 62 tu. Soma, simama, sema unachowaza: "ngoja kwanza, 62? sasa haya mashamba yote yametokea wapi?" Halafu nyamaza, usiwasaidie haraka. Jibu halimo kwenye aya na ndo utamu wake, maana yule ambaye babake anafanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, atakwambia mkonge ukizeeka unatoa mlingoti, na kule juu ya mlingoti kunajaa vitoto vya kupanda. Huyo kasoma kweli, kachukua kilichoandikwa akakijazia na anachokijua.

Wakishazoea waachie wao. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani waliandika kuhusu watoto wa darasa la saba kama hao wako kabisa, kutamka wanaweza kuelewa hawaelewi, wakawapa kazi nne kila wakimaliza kipande: kusema kwa kifupi wamesoma nini, kuuliza swali, kufafanua palipowatatiza, na kubashiri kitakachofuata, na watoto wakawa wanapokezana kuwa mwalimu. Matokeo yalikuwa mazuri. Hapo kwenye swali ndo ukaze sana, maana wataanza na "Hindorf alitoka nchi gani?", we mrudishe mpaka atoe la "kwa nini" au "ilikuwaje".

Darasa likiwa kubwa fanyeni dawati kwa dawati, wote kwa mpigo, kelele zitakuwepo na uzivumilie tu. Ile ya mmoja anasoma kwa sauti wenzie wamekaa wanasubiri zamu, iache kwa sasa, inakula kipindi kizima na anayefanya kazi ni mmoja.

Na usingoje wafike sekondari, nakuomba sana. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, mtoto ambaye hakuzoea kujiuliza maswali kwa Kiswahili anachokiota usiku, kule atakariri tu.