Usishushe injini ya zamani kabla hujamaliza kununua

Machi mwaka 2021 nilishusha injini ya Toyota Mark II yangu, chesisi ya GX100, kwa sababu nilikuwa na hela ya kununua nyingine. Nilidhani hiyo inatosha. Gari likakaa juu ya mawe miezi saba kwenye uwanja wa gereji moja huko Tabata, Dar es Salaam. Mvua za masika zote zililikuta pale, panya wakatafuna waya chini ya dashibodi, na siku niliyopeleka rejeta nikakuta alteneta na taa moja ya mbele havipo. Kila niliyemuuliza aliapa hajui.

Naandika kwa ajili ya kijana aliyenunua gari lake la kwanza la kutengeneza na sasa anawaza kulibadilisha moyo, yaani injini. Injini ikiwa bado ipo ndani, hata kama inavuta oili, gari linatembea: unalipeleka mwenyewe kwa fundi, unalirudisha nyumbani jioni, unalilinda. Ikishashuka, kila kitu kinageuka gharama. Bredauni (gari la kuvuta), nauli za kwenda kuangalia, vifaa vinavyopotea, na fundi anayehamia kwa mteja mwenye hela mkononi. Kwa hiyo bajeti yako iwe na tarehe moja kubwa, siku ya kushusha, na siku hiyo isifike mpaka kila kitu kiwe kimelala chumbani kwako.

Gari lenyewe lilikuwa la 1997, lenye injini ya 1G-FE ya cc 1988. Moshi wa bluu kila asubuhi, oili lita nzima kila wiki mbili. Njia zilikuwa tatu: kuifungua na kubadilisha ringi, kununua 1G nyingine ya mtumba, au kupandisha 1JZ, injini nyingine ya Toyota iliyo kubwa zaidi. Kama gari hilo ndilo linalokupeleka kazini kila siku, chukua 1G nyingine. Inaingia bila kubadilisha chochote na wikiendi moja inatosha. Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Nimeona watu wawili wakipoteza vibarua vyao kwa kuchelewa wakati gari liko gereji.

Mimi nilikuwa na pikipiki, nikachagua 1JZ-GE, ile ya lita 2.5 isiyo na taabo (turbo). Sababu yangu kubwa ilikuwa bodi. Kule Japani Toyota waliuza bodi hiyohiyo kwa chesisi ya JZX100 ikiwa na 1JZ kutoka kiwandani. Maana yake nafasi ipo, na krosimemba (chuma cha kubebea injini), mauntingi (raba za kuishikilia) na propela shafti zilizotengenezwa kwa ajili hiyo zinapatikana kwenye maduka ya mtumba pale Ilala. Huhitaji kuchomelea vyuma kwa kukisia. Kwa gari la kwanza shikilia hilo: injini ambayo mtengenezaji mwenyewe aliwahi kuiweka kwenye bodi hiyo. Wengi watakushawishi uchukue 1JZ-GTE yenye taabo, ile iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Ni injini nzuri sana, lakini inakuja na madai yake: giaboksi yenye kifua, pampu ya mafuta, intakula ya kupoza hewa, breki kubwa. Iache kwa gari la pili.

Sasa hela. Hesabu yangu ya kwanza niliiandika nyuma ya risiti: injini seti nzima 3,200,000, ufundi 500,000, vidogovidogo 300,000. Jumla milioni nne. Gari lilipowaka na kuingia barabarani, daftari lilisoma 6,400,000. Injini ilikuwa nusu kamili.

Nusu ya pili ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu kila kipande chake kilionekana kidogo. Mkanda wa taimingi, tensheni, pampu ya maji na sili za mbele na nyuma: 420,000. Kazi hii ifanyike injini ikiwa chini, kwenye matairi mabovu, unapoifikia kwa mkono. Sili ya nyuma ikianza kuvuja baada ya kupandisha, giaboksi inashuka tena na ufundi unalipwa upya. Krosimemba na mauntingi 280,000. Propela shafti pamoja na kuibalansi 180,000. Rejeta ya zamani haikufaa, mpya 350,000. Oili, kulanti, plagi, gasketi na mabomba 330,000. Eksozi ya mbele ilibidi ikatwe na kuungwa, 220,000. Fundi umeme, ambaye sikumwandika kabisa mwanzoni, 350,000. Breki 450,000, bredauni na nauli 120,000, na ufundi uleule 500,000. Alteneta iliyoibwa na taa sijaziweka humo.

Bei za kwako zitakuwa tofauti, dola ikipanda kila kitu kinapanda. Uwiano ndio wa kushika. Ukiambiwa bei ya injini, izidishe mara mbili kabla hujasema ndiyo.

Kwenye kununua, nenda na fundi atakayeifunga, sio rafiki anayependa magari. Mwuzaji akikuwashia injini chini pale dukani, sikiliza, halafu mwombe fundi apime komprasheni silinda zote sita. Namba moja kubwa haina maana sana. Angalia kama sita zote zinakaribiana. Fungua kifuniko cha oili uone kama ndani kuna tope jeusi. Chungulia njia za maji uone kutu. Kisha kaa kwenye waya, na hapa usiwe na haraka. Injini nyingi zinazokuja kutoka Japani na Dubai zimekatwa waya kwa mkasi ili zitoke upesi kwenye gari. Injini yenye waya nzima hadi kwenye plagi zake, kontroli boksi (kompyuta ya injini) yake mwenyewe na giaboksi iliyokuja nayo ina thamani kuliko ile ya bei nafuu ambayo itamfanya fundi umeme aunge waya mmojammoja kwa siku nne. Hakikisha kontroli boksi ni ya aina ya giaboksi uliyonunua. Ya gia za oto na ya gia za mkono (manyuo) hazifanani. Na tazama sampo, bakuli la oili chini ya injini: JZ nyingine zina sampo iliyokaa mbele, nyingine nyuma, na isiyolingana na krosimemba yako haitakaa.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya injini. Kadi yako ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, na vyote viwili vinabadilika siku unapopandisha injini mpya. Peleka taarifa TRA (mamlaka ya mapato), na mwambie mtu wa bima. Mimi nilichelewesha, nikaja kusumbuka siku mnunuzi mmoja alipotaka gari na kadi haikulingana na kilichokuwa chini ya boneti.

Breki nilizifanya mwisho, na hilo ni kosa ninalolijutia kuliko alteneta. Jumamosi ya kwanza nilishuka mlima wa Kimara na injini yenye nguvu na pedi zilizokwisha. Nilisimama, lakini nyuma ya daladala kwa umbali ambao sitaki kuukumbuka. Breki, tairi na bushi za mbele zinatengenezwa gari likiwa bado na injini ya zamani. Utazifaidi hata kama mpango mzima utakwama.

Mzee mmoja fundi, tunamwita Mjomba, ndiye aliyenifundisha kutumia bahasha. "Mwanangu, kila kifaa kiwe na bahasha yake. Hela ya rejeta isinunue oili." Nikaweka bahasha ya mafuta pia, kwa sababu 1JZ kwenye foleni ya barabara ya Mandela jioni inakunywa kuliko 1G, na gharama hiyo haiishi siku gari linapowaka.

Sasa difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, ni ileile ya zamani. Imeanza kuimba nikifika spidi 80. Bahasha yake ina laki moja na nusu, gari linatembea, na halipandi mawe mpaka difu nyingine iwe chini ya kitanda changu.