Hilux ya zamani inakula dizeli: nianzie wapi kabla ya kufungua pampu?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Misungwi na nina Toyota Hilux ya mwaka 1996, injini ya aina ya 3L isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi). Nilipoinunua miaka minne iliyopita, lita moja ya dizeli ilinifikisha kilomita 10, na sasa haizidi 7. Asubuhi hutoa moshi mweupe unaowasha macho, na injini huendelea kunguruma kwa sauti ya juu hata nikiwa nimekwisha kutembea mwendo mrefu. Sindano ya joto haifiki katikati hata ninapoingia Mwanza mjini kutoka nyumbani. Mwaka jana niliondoa tairi za 205R16 nikaweka za 235/85R16 kwa sababu ya barabara ya kijijini. Fundi mmoja ameniambia pampu ya dizeli imekufa na nozeli zote (vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda) zibadilishwe, kazi ambayo gharama yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Je, nikubali? – Mwalimu, Misungwi.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usikubali bado. Pampu na nozeli huchakaa, hasa katika gari la umri huo, lakini barua yako ina dalili zinazoelekeza kwingine, na iliyonishtua zaidi ni hiyo sindano ya joto.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Injini ikiwa haijapata moto vizuri, sehemu ya mafuta haiungui, hutoka kwenye ekzosi kama ule moshi mweupe wenye kuwasha macho, na nyingine huteremka kandokando ya pistoni na kuchanganyika na oili. Kinachotunza joto hilo ni thamostati, kivalvu kidogo chenye nta kilichowekwa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, ambacho hufunga njia maji yakiwa baridi na huanza kufunguka yakifika nyuzi 82 hivi. Imekuwa desturi katika gereji zetu kwamba gari likiletwa limechemsha, thamostati hung'olewa na kutupwa, kisha mwenye gari huondoka ameridhika kwa kuwa halichemshi tena. Chanzo cha kuchemsha, ambacho huenda kilikuwa rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, kinabaki palepale, na mwenye gari anaanza kulipia dizeli isiyoungua kila siku bila kujua. Mara nyingi nimefungua kifuniko cha thamostati nikakuta gundi nyekundu ya gasketi imepakwa kwa wingi, na ndani patupu.

Ile sauti ya juu isiyokwisha nayo huenda ina chanzo hichohicho. Pampu nyingi za dizeli za injini za aina yako zina kifaa kidogo ubavuni kinachopitiwa na maji ya injini. Maji yakiwa baridi, kifaa hicho hupandisha mzunguko wa injini na kuwahisha wakati wa kurusha mafuta ili injini iwake kwa urahisi, na yakipata moto huachia. Ikiwa maji hayapati moto kamwe, kifaa hakiachii, na injini yako inatembea mchana kutwa kama gari lililowashwa alfajiri.

Kwa hiyo mwombe fundi afungue kifuniko cha thamostati mbele yako, injini ikiwa imepoa kabisa. Mkikuta thamostati ipo, ining'inizeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni na muitazame maji yanapopata moto. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi, ambazo zinatosha kabisa kwa jaribio hili. Thamostati nzima hukaa imefunga kimya, kisha mdomo wake huanza kuachana polepole kabla maji hayajatokota, na ukiitoa hujifunga tena. Ikiwa imebaki wazi tangu maji yakiwa baridi, nunua mpya yenye nyuzi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Mkikuta patupu, ulizia thamostati ya injini ya 3L, halafu chunguza rejeta kabla ya kuirudisha, kwa sababu mtu aliyeing'oa alikuwa na sababu.

Sasa tuje kwenye tairi. Ulizoweka ni kubwa kuliko za awali kwa asilimia 8 hivi. Kila tairi inapozunguka mara moja, gari linasogea mbele zaidi ya dashibodi inavyodhani, kwa hiyo kilomita 100 za dashibodi sasa ni kama 108 barabarani. Hizo 7 zako, Mwalimu, ni 7.6 hivi kwa kweli. Bado ni hasara, ila ni ndogo kuliko ulivyohesabu. Pata uwiano wako mwenyewe kwa kulinganisha dashibodi na simu yenye ramani kwa mwendo wa kilomita 50. Tairi hizo pia ni nzito na huifanya gia ya tano iwe nzito kwa injini isiyo na tabo, kwa hiyo mlimani shuka gia mapema kuliko zamani.

Geji ya mafuta usiitumie kupimia. Jaza tenki kwenye kituo kimoja, pampu ileile, gari likiwa limesimama pa tambarare, na uache kujaza bomba linapojikata lenyewe kwa mara ya kwanza. Andika kilomita. Tembea angalau kilomita 300, rudi palepale, jaza vilevile. Kama umetumia lita 45 na dashibodi imesoma kilomita 340, zidisha 340 kwa 1.08 upate 367, gawa kwa 45, utapata kilomita 8.2 kwa lita. Rudia mara tatu kabla ya kuamini jibu. Ukifanya hivyo kabla na baada ya kila matengenezo, utajua ni tengenezo lipi lililokurudishia pesa, na hakuna fundi atakayeweza kukubabaisha.

Siku hiyo ya kupima, fanya pia hili. Ukifika karibu na nyumbani, liache gari lipunguze mwendo lenyewe bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki ya hapo inang'ang'ania au beringi imekazwa kupita kiasi. Magari yanayopita kwenye matope ya mbugani wakati wa masika hushika kutu kwenye waya wa breki ya mkono, na dereva hahisi chochote zaidi ya uzito anaoulaumu kwa injini. Kama Hilux yako ina giabox ya magurudumu manne, hakikisha zile swichi za kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele hazikuachwa zimefungwa tangu mvua zilizopita.

Filta ya hewa na upepo wa tairi nadhani unaviangalia, ila mtu anayepaki karibu na ziwa afungue filta mara nyingi zaidi, maana wale wadudu wadogo wanaopanda kama wingu kutoka majini hujaa humo na kwenye mapezi ya rejeta. Mwendo nao una bei yake: upinzani wa hewa katika kilomita 100 kwa saa unazidi ule wa kilomita 80 kwa zaidi ya nusu.

Yote hayo yakikamilika na gari bado linakula, hapo nozeli zina haki ya kushukiwa. Zitolewe zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na uombe kuziona zikirusha mafuta: nzima hutoa ukungu mwembamba wenye umbo la koni na kukata kwa ghafla, mbovu hutoa mchirizi au hubaki na tone mdomoni. Badilisha zilizoshindwa, pampu ifuate mwisho. Kuna mafundi wanaolegeza nati ya bomba la kila nozeli injini ikiwa inawaka ili kusikia silinda iliyo dhaifu. Kwa injini yako inafaa, lakini asithubutu mtu kuifanya kwenye dizeli za kisasa za komonireli (nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa), ambazo shinikizo lake hupita ba 1,000 na mafuta yake hupenya ngozi.

SWALI: Nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, safari zangu ni Magu na Bariadi. Fundi alikaza skrubu ya nyuma ya pampu ili kuongeza nguvu. Nguvu iliongezeka kidogo, lakini sasa inatoa moshi mweusi na mafuta yanakwisha haraka. Nirudishe ilivyokuwa? – Msomaji, Magu.

JIBU: Rudisha, ndugu yangu. Skrubu hiyo huongeza mafuta peke yake, hewa haiongezeki. Katika mwinuko huu wa kanda yetu hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo haina namna ya kufidia, kwa hiyo mafuta ya ziada hugeuka kuwa masizi na joto linalochosha pistoni. Mahali pa kuirekebisha kwa usahihi ni kwenye mashine ya fundi pampu. Kama huwezi kufika huko mwezi huu, weka alama ya rangi mahali skrubu ilipo, ilegeze moja ya nane ya mzunguko, kisha panda nalo kilima kilekile ukiwa na mzigo uleule, na mtu wa nyuma atazame ekzosi. Endelea kidogo kidogo hadi moshi uonekane tu kwa sekunde moja unapobadilisha gia.