Kasi ya juu kabisa si jibu: jinsi ninavyopanga loga ya USB

Mkuu, umesema unataka kufuatilia joto la tangi kwa wiki nzima, na kwa loga hiyohiyo (kifaa kinachopima ishara za umeme na kuzirekodi kwenye kompyuta) unase jinsi volti inavyoshuka pampu inapowaka. Ukaweka kasi ya juu kabisa ya kuchukua sampuli, yaani vipimo, kwenye chaneli zote, diski ikajaa na programu ikasimama usiku. Nakuelewa, nilianza hivyohivyo. Lakini hizo ni kazi mbili tofauti, na loga nyingi haziwezi kuwa kwenye modi mbili kwa wakati mmoja. Maliza ya pampu kwanza, halafu ubadilishe mipangilio uiache kwenye tangi.

Pampu inataka modi ya bloku. Hapo loga inajaza kumbukumbu yake yenyewe, kisha ndiyo inaipakia kwenye kompyuta. Inakwenda kasi sana, ila kati ya bloku na bloku haioni kitu, kwa hiyo lazima uwe na triga, yaani sharti linaloiambia loga inase lini. Usiitege triga kwenye volti: wimbi la AC linavuka kila kiwango mara nyingi kwa sekunde na triga itafyatuka ovyo. Funga klempu ya mkondo (kibanio kinachopima mkondo) kwenye waya wa pampu, triga iisikilize hiyo. Kabla pampu haijawaka mkondo ni sifuri, basi hakuna cha kuichanganya. Acha kama asilimia 20 ya bloku iwe kabla ya triga ili uone volti ilikuwaje mwanzo.

Kasi sasa. Tuseme kumbukumbu inabeba sampuli 32,000. Ukichukua milioni moja kwa sekunde, imejaa ndani ya sekunde 0.032, hata mizunguko miwili ya umeme wa Hz 50 haijatimia, na pampu ndiyo kwanza inaanza kuzunguka! Kwa 10,000 kwa sekunde unapata sekunde 3.2, au 1.6 kwa kila chaneli zikiwa mbili, na bado kila mzunguko una nukta 200. Inatosha kabisa. Na tafadhali, umeme wa mtandao usiuingize moja kwa moja kwenye loga. Tumia probu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo unahatarisha kompyuta na maisha yako.

Tangi linataka modi ya strimu, data itiririke kwenda kwenye kompyuta bila pengo. Maji hayabadiliki joto ghafla, hivyo utashawishika kuweka sampuli 10 tu kwa sekunde. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Grafu yangu ilionyesha joto likipanda na kushuka taratibu, karibu kila sekunde 50. Nikaamini kidhibiti cha hita ndicho kibovu, nikakirekebisha kila siku, na wimbi halikubadilika. Kumbe halikuwa joto. Thermokapo ya aina K, yaani sensa ya joto niliyotumia, inatoa takriban mikrovolti 41 tu kwa nyuzi moja, hivyo mvumo mdogo wa umeme ulioingia kwenye waya ulitosha kuonekana kama nyuzi kadhaa. Umeme wa mtandao ukiwa Hz 50.02 badala ya 50 kamili, na ukichukuliwa sampuli 10 kwa sekunde unajigeuza wimbi la Hz 0.02, yaani sekunde 50 kamili.

Kanuni ya Nyquist inasema uchukue sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa (mizunguko kwa sekunde) ya juu kabisa. Wengi tunasahau kuwa ni masafa ya juu kabisa *yaliyomo kwenye waya*, si yale tunayoyatafuta. Jaribio lake ni rahisi: hamisha kasi kutoka 10 hadi 11. Wimbi la kweli linabaki na muda wake. Langu lilitoweka, badala yake ukaja mtetemeko wa haraka wa karibu Hz 5.

Dawa yake ni kuiambia loga yenyewe ichukue sampuli nyingi na kutoa wastani wa kila milisekunde 100. Muda huo unabeba mizunguko 5 kamili ya Hz 50, na 6 kamili ya Hz 60, kwa hiyo mvumo unajifuta. Kutafuta wastani baadaye, juu ya data iliyokwisha kuharibika, hakusaidii, nilijaribu.

Renji, yaani upeo wa volti ambao loga imewekwa kupima, nayo uiangalie. Kwa loga ya biti 12 una ngazi 4,096 za kipimo: renji ya volti 10 chanya na hasi inakupa hatua za karibu milivolti 4.9, ambazo kwa thermokapo ni zaidi ya nyuzi 100. Chagua renji ndogo kabisa inayoitosha ishara yako.

Kusimama usiku, mbali na diski, mara nyingi ni kompyuta kulala. Zima usingizi wake na uzime pia uokoaji wa umeme kwenye milango ya USB. Halafu iache ikimbie usiku mmoja kwa kasi ya 10 na wastani umewashwa, na uweke grafu hapa tuione kabla hujaanza ile wiki.