Viatu Mlangoni

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema mzee aliyeanzisha hiyo kampuni yenu ya uwekezaji anastaafu, kiti anakuachia wewe, ila yeye atabaki mwenyekiti wa bodi. Halafu unaniuliza kama umri wako unatosha. Miaka arobaini na moja, mtu anauliza umri! Mimi kwa umri huo nilikuwa nashika pesa za wanawake ishirini na wawili wa Soko la Wakulima, na shule niliishia darasa la saba. Hilo tuliache. Ungeniuliza huyo mzee viatu vyake ataviacha wapi.

Neno langu hili unalijua tangu utotoni: viatu vikiwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani.

Umenitajia Warren Buffett, yule tajiri wa Marekani, eti naye kafanya vivyo hivyo. Kweli. Berkshire Hathaway, kampuni yake ya uwekezaji, kaishika tangu 1965, na mwisho wa 2025 akamwachia Greg Abel ukurugenzi, yeye akabaki mwenyekiti. Lakini ile Mei alipotangaza kule Omaha, kwenye mkutano wa wenye hisa, bodi yake, ukiondoa watoto wake wawili, ilisikia pamoja na watu waliojaa ukumbini. Sasa huyo anaachilia, au anashika hata siku ya kuachilia? Ingawa ukilea kitu miaka sitini, labda saa ya kutoka ni haki yako kuichagua. Sijui. Mimi si wa kumhukumu.

Zile hisa za Safaricom unazikumbuka, maana wewe ndiwe uliyetujazia fomu mezani jikoni, 2008. Shilingi 5 hisa moja. Ghasia za uchaguzi zilikuwa zimetulia juzi tu, wenzetu wengine wangali kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, tukawalipia mchango wao ili chama kisivunjike. Mwaka uliofuata bei ikashuka chini ya shilingi 3. Wanawake wakanijia juu: tuuze! Nikakataa. Muda ukaonyesha nilikuwa sawa, na nadhani hapo ndipo nilipoharibika.

2021 nikastaafu. Sherehe mliiona, leso nilizofungwa, mbuzi, ile picha iko ukutani. Kitabu nikamkabidhi mwenyekiti mpya, yule niliyemfundisha mwenyewe kuandika vocha. Kitabu nilimpa. Sahihi yangu sikuitoa. Kwa dalali wa hisa zilitakiwa sahihi tatu, moja yangu, nami nikajiambia ni kwa usalama wa pesa za watu.

Agosti mwaka huo huo bei ikapita shilingi 40. Akaja nyumbani na fomu ndani ya bahasha ya kaki: tuuze nusu, tununue ile ploti ya Lanet. Nikampa chai. Nikamwambia jambo hili tuliombee kwanza. Akarudi juma la pili, nikamwambia miwani yangu imevunjika. Baba yako akanitazama, kwa sababu nilikuwa nimeivaa. Mara ya tatu hakuja mwenyewe, alimtuma kijana wa boda, na bahasha nikairudisha vile vile ilivyokuja.

Kufika 2023 hisa ilikuwa chini ya shilingi 15. Ile ploti sasa ina ghorofa, si yetu, na nikipanda matatu ya Lanet huketi upande wa pili.

Hajawahi kunitajia. Kanisani ananisalimu kwa mikono miwili. Angenitukana ningepumua.

Utasema, basi Mama, jibu ni nikatae. La! Ile 2009 nisingeng'ang'ana, 2021 kusingekuwa na cha kuuza. Aliyeanzisha anajua alikotoa kitu, na wewe utamhitaji siku bei ikianguka na watu wakakupigia kelele. Lakini ni huyo huyo atakayekwambia miwani imevunjika. Nimejaribu kuwatenganisha hao wawili, nimeshindwa, na mmoja wao ni mimi.

Nimemwahidi baba yako sitakuamulia. Maoni ninayo, tena ulimi unaniwasha, lakini nimeahidi. Ila kabla hujatia sahihi yako popote, chunguza ya mzee imebaki wapi: benki, kwa wakili, kwenye mikataba ya wawekezaji wakubwa. Usimuulize yeye, atakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba ameshaachia kila kitu. Muulize mhasibu. Viatu mlangoni, mwanangu.

Na ukija, kuna bahasha nataka unipelekee kwa mwenyekiti wetu. Ni fomu ya kuondoa jina langu kwa dalali. Nimeshaitia sahihi, nimekaa nayo kabatini tangu Pasaka. Ulisema utakuja Desemba. Ukiweza kuja mapema, njoo mapema.

Mama yako