Barua za wasomaji: Binti yangu anataka udaktari wa ubongo

SWALI: Mama, nakusalimu. Mimi ni fundi wa mbao hapa Bukavu, naishi Kadutu. Binti yangu wa kwanza anamaliza udaktari mwaka huu. Kwa ajili ya masomo yake niliuza kiwanja changu cha Kavumu. Nilitumaini atachagua upasuaji au uzazi, maana faida ya kazi hizo kila mtu anaiona. Yeye anasema atasomea nerolojia, magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, kisha "atawatetea" watu wa kifafa. Nilimuuliza kama kutetea si kazi ya avoka. Akanyamaza, na tangu siku hiyo tunakula bila kusemezana. Je, hiyo kweli ni kazi ya munganga, yaani daktari? Na itamlisha? Baba wa Kadutu.

JIBU: Baba, nakusalimu nawe, na pole kwa ukimya huo wa mezani. Mimi ni muuguzi. Kila Alhamisi, kwa miaka 23 sasa, napokea wagonjwa wa kifafa katika kituo cha afya. Lakini kazi hii niliifunzwa na mdogo wangu kabla sijavaa blauzi nyeupe.

Alikuwa na miaka tisa kifafa kilipomwangusha juu ya mbabula, jiko la makaa, mama akiwa ameenda kuteka maji. Mkono wa kushoto uliungua mpaka kiwiko. Majirani watatu walikuwa uani, wala hakuna aliyemvuta, kwa sababu waliamini kwamba anayeguswa na povu la mtu wa kifafa naye ataanguka. Mmoja wao alipojipa moyo alimsukumia kijiko mdomoni, jino likavunjika. (Msifanye hivyo kamwe. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, subirini naye.) Shuleni tukaambiwa abaki nyumbani hadi apone. Tulizunguka vyumba vya maombi na waganga wa mizizi miaka sita. Halafu munganga mmoja kijana, aliyekuja mtaani kwa kazi ya chanjo, aliona kovu lile, akauliza. Akamwandikia fenobabitali, kila usiku kabla ya kulala. Baada ya miezi mitatu mdogo wangu aliacha kuanguka.

Dawa hiyo ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, Baba. Bei yake ni ndogo. Ilikuwapo kabla mama yangu hajazaliwa, na mtoto wetu aliikosa miaka sita mizima katika mji wenye hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Sasa niambie, munganga akikaa ofisini na kungoja, ni nani atamfikia? Ni yule tu ambaye familia yake imekwisha kuishinda hofu. Wengine wamefichwa chumba cha nyuma.

Tena kuna suala la dawa zenyewe. Barabara ikikatika, au uwanja wa ndege wa Kavumu ukifungwa, sanduku letu hubaki tupu, na fenobabitali haitaki kuachwa ghafla: degedege linaweza kurudi mfululizo hata likaua. Mwaka mmoja tulikaa wiki saba bila kidonge. Niliandika barua tatu kwa ofisi iliyohusika, sikujibiwa. Munganga akaandika moja, akajibiwa siku ya nne. Iliniuma, sifichi. Lakini niliona kwamba sahihi ya munganga inafungua milango ambayo yangu haiifungui, na anayeiacha ilale mfukoni anawanyima wagonjwa wake sehemu ya matibabu.

Kama unataka mfano wa nchi yetu, mtazame Désiré Tshala-Katumbay, Mkongomani, daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye amefanya kazi miaka mingi Portland, Marekani. Amechunguza konzo, ugonjwa unaokaza miguu ya mtu kwa ghafla na kutomwachia tena. Jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Unatokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, sumu ya sianidi ikabaki ndani, hasa kwa walaji wasiopata samaki, nyama wala maharage. Kule Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi yetu, yeye na wenzake walionyesha kwamba hata watoto wanaotembea vizuri, katika nyumba zenye konzo, akili zao zinaweza kuathirika. Miguu ikishafungwa hakuna dawa ya kuifungua. Kinga iko kwenye beseni la kulowekea, na aliyesomea ubongo hana budi kwenda kuongea na mama anayeloweka, na mkulima, na serikali inayopaswa kuwaletea chakula kingine. Hiyo ndiyo "kutetea" anayosema binti yetu.

Na wewe unaishi katika mji wenye hospitali ya Panzi! Munganga Denis Mukwege alianza na watoto kule Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akaanzisha hospitali hiyo mwaka 1999, na Nobeli ya amani ikaja mwaka 2018. Alishona majeraha ya wanawake waliobakwa, na pia alisimama mbele ya mataifa kuyasema.

Kuhusu mkate: hatakuwa tajiri upesi, na masomo bado ni marefu. Pengine ataenda Kinshasa, kwenye CNPP ya Mont-Amba, kituo cha magonjwa ya ubongo na akili. Kwanza ningependa afanye miaka miwili ya udaktari wa kawaida, Shabunda au Mwenga, ajifunze kutibu bila mashine ya kupima umeme wa ubongo. Akirudi hatakosa wagonjwa: kiharusi pekee kitamjazia benchi, maana wengi wetu hatupimi presha hadi mdomo upinde.

Naye nina neno kwake. Mwaka 2022, Geneva, mataifa yalipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, hadi 2031. Ausome, ahesabu wagonjwa wake kwa daftari, kwa sababu kiongozi wa afya hasikilizwi kwa huruma tupu. Na asiseme badala yao. Mdogo wangu leo ni fundi cherehani, ana watoto wanne, na anapoongea kanisani watu huleta wagonjwa wao kuliko ninapoongea mimi.

Muulize leo jioni, Baba, ni mgonjwa gani wa staji aliyemfanya achague hivi. Nadhani yupo mmoja. Kisha aje Alhamisi saa mbili asubuhi, bila blauzi nyeupe, aketi kwenye benchi pamoja na wanaongoja.